Kikombe Changu pale kwa Kreszenz

Jumanne, 6 Juni 1933
Baa ya Mama Kreszenz, meza yetu ileile ya kila Jumanne. Nilitungua kikombe changu ukutani – cha udongo, kina jina langu, Höfle. Wenzangu walinichangia mwaka nilioingia bunge la jimbo. Nikikishika bado nafurahi kama mtoto. Uwakili umenilisha, meza hii imenipa watu.

Dangel, mwoka mikate, hakuniacha: “Mheshimiwa, huko bungeni mnakunywa bia au maji ya kuoshea vyombo?” Nikamwambia maji hayo ndiyo tunayochovyea mikate yake. Meza nzima ilicheka.

Kisha akaninong’oneza: keshokutwa kura ya ile sheria mpya itakuwaje? Nitaikataa, nikasema. Sheria hiyo inairuhusu serikali itunge sheria peke yake, bunge libaki pambo.

“Vinzenz, ndugu yangu, si uumwe tumbo tu siku hiyo?”

Ananipenda. Ndiyo maana kasema hivyo.

Alhamisi, 8 Juni
Nimekataa. Sheria imepita hata hivyo. Wenye mashati ya kahawia, wanamgambo wa chama kinachotawala, walijaa mpaka ukumbini, wakizomea. Sauti yangu haikutetemeka – namshukuru Mungu. Walburga alinipokea stesheni. Akanipa soseji ya moto kwenye karatasi. Mke nimepata!

Jumamosi, 10 Juni
Kreszenz kaja kwa mlango wa jikoni. Kikombe changu, kimeviringishwa gazetini.

“Nimekuletea, Bwana Wakili, kisije kikavunjwa.”

Kivunjwe na nani, nikauliza. Akanieleza. Wale vijana wa mashati walikuja kuuliza kipi ni cha Höfle. Dangel alishakificha ndani ya aproni yake.

“Na Jumanne?” nikauliza.

“Wenzako wanasema upumzike kidogo.”

Kahawa hakunywa. Iliniuma, siwezi kujidanganya. Lakini kikombe ni kizima, na aliyekiokoa ni Dangel. Nashukuru.

Jumanne, 13 Juni
Karibu saa moja jioni. Walburga anasema kikombe kimependeza pale kabatini, na dengu zimeiva. Zinanukia kweli.

Nimeshavaa koti, niende kwa Kreszenz. Kikombe kiko mezani hapa nikiandika – gazeti nimelitupa. Walburga kanitazama, kaepua sufuria, sasa anatafuta kofia yake.

Nimemkumbusha kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukaa meza ile.

“Basi watasogea,” kasema.

Sijui kama Dangel atasogea.