Majivu Kwenye Viazi Vyangu

Dodoma, karibu na stesheni ya reli,
Tarehe 16 Machi, 1913.

Mpendwa kaka Bartolomayo,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Usambara? Kifua chako kimepona, au baridi ya milimani bado inakusumbua? Wifi yangu Ruthu na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea. Mama analalamika magoti, lakini anakula vizuri na kugomba kama zamani, kwa hiyo usiwe na hofu. Mume wangu Nikodemo bado yuko na kundi la watengeneza reli, anarudi jioni amechoka.

Mvua kama ya mwaka huu haijawahi kuonekana hapa kwetu. Karibu mwezi mzima tumekaa na mawingu, asubuhi ukungu, mchana manyunyu. Mtama umesimama vizuri. Ng'ombe wa mama amezaa ndama jike, na mama amempa jina la mkeo. Mwambie Ruthu asikasirike.

Sasa nikueleze habari ya vile viazi vya Kizungu ulivyonitumia ndani ya gunia. Nilivipanda bondeni, kando ya korongo, na pembeni yake nikaweka mistari minne ya nyanya. Vilichipua hata watu wa stesheni wakasimama kutazama. Jirani yangu wa upande wa chini ni Sikudhani, mwanamke wa Kondoa, mke wa Yahaya muuza chumvi. Naye analima nyanya. Nakwambia kweli, kaka, tangu jumbe, mkuu wa kijiji, aliponipa mimi kile kipande cha juu cha bonde, huyu mwanamke na mimi tulikuwa tunasalimiana kwa midomo tu.

Siku moja asubuhi nikaona madoa kwenye majani ya viazi, meusi, kama yameguswa na maji ya moto. Chini ya jani kulikuwa na ukungu mweupe. Baada ya siku nne madoa yalikuwa yamehamia kwenye nyanya. Nikaanza kutazama ardhi. Nikaona nyayo za mtu zimeingia kutoka upande wa Sikudhani. Majani mengine yamekatwa kwa mkono, hayapo. Na kwenye mashina, kaka, majivu! Majivu yamezungushwa shina kwa shina, na mimi sikuyaweka, wala Nikodemo.

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri uchawi. Ndiyo, mimi niliyebatizwa. Nilikaa nyuma ya kichaka alfajiri mbili mfululizo, na ya pili nikamwona kwa macho yangu. Sikudhani aliingia shambani kwangu ameinama, akachuma majani yenye madoa, akayatia kwenye kikapu na kwenda nayo. Sikumwita. Nilirudi nyumbani, nikamwambia Nikodemo, na Nikodemo akaenda moja kwa moja kwa akida, yule msimamizi aliyewekwa na Wajerumani.

Hapo ndipo jambo lilipotutoka mikononi. Akida hakumwita Sikudhani, alimwita mumewe ajibu kwa niaba yake. Yahaya alisema hajui kitu. Akafungiwa. Watu wakaanza kusema kwamba asipokiri kabla ya Jumamosi atapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, sokoni mbele ya watu. Unaijua hamsa ishirini, kaka. Uliona mgongo wa baba.

Nilijiambia kwamba haki imetendeka. Lakini niliacha kula.

Siku ya Ijumaa nilitaka kupanda tena, nikafungua chungu ambamo niliweka viazi vilivyobaki vya gunia lako. Chungu kile kilikuwa ndani, chini ya kitanda chetu, kimefunikwa, na hakuna mtu aliyekigusa tangu gunia lilipofika. Harufu ilinirudisha nyuma. Nikakata kimoja. Ndani kilikuwa na rangi ya kutu, kimeoza kutoka kwenye ganda kuingia katikati. Nikakata kingine, hali ileile. Nikakaa chini. Sikudhani hajawahi kuingia chumbani kwangu hata mara moja.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Alikuwa anatwanga, hakuacha kutwanga.

“Majani ya shamba langu uliyapeleka wapi?” nikamwuliza.

“Niliyafukia mbali,” akasema. “Yalikuwa yanaozea upande wangu. Nilitaka kuokoa nyanya zangu.”

“Na majivu?”

“Mama yangu kule Kondoa anamwaga majivu mimea ikiugua. Labda yanasaidia, labda hayasaidii. Sikuwa na kingine.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Hapo aliuweka mchi chini. “Ningekwambia shamba lako linaoza, ungesema nimekuonea kijicho. Sikukwambia, ukasema mimi mchawi. Sasa niambie, Dorkasi, nilikuwa na njia ipi?”

Niligeuka nikarudi nyumbani mbio, kaka.

Nilifunga viazi kwenye kanga, nikachukua kisu, nikaenda barazani kwa akida bila kumngoja Nikodemo. Nikavikata mbele yake na mbele ya watu wote.

“Juzi mlisema mchawi,” akida akasema. “Leo unaniambia kiazi?”

“Ndiyo, bwana. Nilikosea.”

“Yahaya amekupa nini useme hivyo?”

Nilimwapia kwamba hajanipa kitu. Hakuniamini, nilimwona usoni, lakini harufu ya vile viazi ilimshinda akaamuru vitupwe. Yahaya akafunguliwa. Nikodemo alipewa kazi ya barabara, wiki mbili bila ujira, kwa kumsumbua mkubwa. Mpaka leo anasema nami kwa mkato.

Viazi tumeving'oa vyote, mashina tumeyachoma. Nyanya nimezichuma majani ya chini, nimezisimamishia miti zisilale kwenye tope, na baina ya mstari na mstari nimeacha nafasi upepo upite. Zimepona labda theluthi moja.

Sasa nakuuliza wewe, usikasirike. Viazi ulivyonitumia ulivitoa wapi? Uliniandikia kwamba Mzungu unayemfanyia kazi alikupa kwa wema. Alivitoa kwenye ghala, au kwenye kile alichotaka kutupa? Na wewe, ulipovitia kwenye gunia, hukuona doa hata moja? Sisemi kwamba ulijua. Nauliza.

Juzi nilimpelekea Sikudhani kikapu cha nyanya za kwanza. Alikipokea mlangoni, mbele ya Yahaya na majirani wawili. Akazitoa moja moja. Kila nyanya aliigeuza, akaitazama kitako, akainusa, akaiweka chini. Alizimaliza zote hivyo, na mimi nimesimama. Kisha akachagua mbili, nyingine akazirudisha kikapuni, akasema, “Kula wewe kwanza.” Nikala palepale, maji ya nyanya yakinichuruzika kidevuni, naye ananitazama mpaka nilipomeza.

Leo asubuhi alinisalimu. Kwa mdomo tu, lakini yeye ndiye aliyeanza.

Mama anakusalimu, anasema uje kabla magoti hayajamkataza kukupokea. Nikodemo anakusalimu, ingawa nimelazimika kumwomba. Nisalimie Ruthu na watoto wote kwa majina yao. Mungu awalinde milimani, awape jua la kutosha na mkate wa kila siku.

Ukijibu, niandikie kweli tupu juu ya vile viazi, hata kama itaniumiza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,
Dorkasi