Mama na Wasomaji wa Riwaya ya Wahamiaji

Shoga, nimetoka kwenye kikao cha wasomaji, bado nina hasira.

Ile riwaya niliyoichagua mimi, ya wahamiaji wanaolima nyika tupu? Mwenyekiti anasema yule mke anayelia kila sura ni mdekaji. MDEKAJI! Wenzake wakacheka.

Mama alikuwa amenisindikiza, nimemsomea nusu ya kitabu. Akasema, "Mimi nilipoolewa ugenini nililia mpaka nikamzaa huyu."

Halafu mwenyekiti, "Asante mama, sasa turudi kwenye kitabu."

Turudi kwenye kitabu! Kwani Mama alikuwa ametoka?

Nikamshika mkono tukaondoka. Njiani akaniuliza, "Yule mwanamke, mwishoni alirudi kwao?"

Nikamwambia nusu iliyobaki nitamsomea kesho. Hakurudi, na Mama pia hajawahi kurudi.