Jina la Oliva

Alhamisi, jioni

Mpaka sasa sijui nicheke au nimgombeze.

Siku tatu nimekaa dukani Majengo na simu mkononi, nasoma majina ya walionusurika tetemeko na tsunami huko ng'ambo anakotumikia mdogo wangu, Sista Oliva. Kila siku serikali yao inatoa orodha ya watu waliopo kwenye kambi za manusura. Nimesoma hadi macho yanauma. Hayumo.

Nyumbani Pito watu walishaanza kukaa matanga. Baba mdogo alikuja na unga kutoka Msanzi, wanawake wakaleta kuni. Niliudhika kweli. Nani kawaambia kuna msiba? Lakini hata mimi moyoni nilishaanza…

Leo mchana Oliva akapiga. "Shikamoo dada. Mtandao ndio umerudi. Mimi ni mzima, na mimi ndiye ninayeandika majina ya watu hapa kambini."

"Na la kwako?"

"Ee, nimesahau."

Nilipiga kelele hadi wateja wakanikimbilia.

Nilipofika Pito na habari hiyo, Mama hakushangaa hata kidogo. "Ndivyo alivyo tangu utoto. Anawapakulia wote ugali, yeye anabaki na mwiko." Kisha akakataza mtu yeyote kuondoka. Unga ule ule wa msiba ukasongwa, tukala tukicheka na kufuta machozi.

Orodha mpya imetoka sasa hivi. Jina lake lipo, la mwisho kabisa, chini ya watu wote.

Mama ananiambia nimsomee tena.