Doa la Njano Mferejini

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mke wa mchoraji, miaka 43, mfumaji wa sweta, mkazi wa nyumba za nyuma ya kiwanda cha nguo. Anaeleza:

Mnamo tarehe 9, Jumanne, asubuhi, mume wangu alitoka kwenda kuchora mfereji. Huchora palepale siku zote, ng'ambo ya daraja la mbao, kabla jua halijawa kali. Mtaani wanamwita Madoa, kwa kuwa picha zake ukizisogelea ni madoa matupu. Ukirudi nyuma ndipo unaona maji na miti. Akichora hufumba macho nusu, aone rangi tu, asione vitu. Ndivyo alivyofundishwa. Mama yangu mzazi, tuliyekuwa tukiishi naye, alimtania kwamba mkwe wake ni mzima wa macho ila akifika kazini huyafunga.

Mama alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Siku hiyo sindano ya mashine ilivunjika, nikainama kuibadilisha, na kuinuka naona mlango wazi. Majirani wananiambia ajali haina kinga. Kinga ilikuwepo, ni komeo, na sikulitia.

Mama alivaa sweta la njano nililomfumia mwenyewe. Tulimtafuta sokoni na zahanati. Mferejini sikwenda. Nilisema moyoni, huko yuko mume wangu, angemwona.

Mume wangu alirudi saa saba mchana na picha mbichi. Kusikia Mama hayupo, alitupa mkoba akatoka mbio. Nikabaki naitazama picha. Chini ya daraja, juu ya maji, palikuwa na doa la njano.

Alipopita tena nyumbani nilimwuliza lile ni nini.

"Mwanga," alisema. "Mwanzo ulikuwa ukingoni. Ukahamia majini, ikabidi nikwangue nichore upya."

Kisha akaitazama picha, macho wazi yote mawili, akakaa sakafuni.

Afande, mlimtoa Mama majini saa kumi. Sweta ni lile. Mmeniuliza kama mume wangu alimwona. Alimwona, akamfuata kwa brashi mpaka akazama. Kama alikusudia? Hapana. Alimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja walivyompenda. Ila kwa sasa siwezi kulala naye nyumba moja. Namchukia, na ninamhurumia.

Picha mmeichukua kama kielelezo. Mkimaliza naomba nirudishiwe. Maisha yake yote Mama hakukubali kupigwa picha. Sina nyingine yake.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, sina la kuongeza.

Sahihi: (ametia)

Yameandikwa nami, ofisa wa zamu, shahidi akiwa na akili timamu. Mumewe yuko benchi la nje. Leo hawezi kuhojiwa.