Ndege Watatu wa Shaba

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, hofu ni kwako tu. Mama anakula vizuri na yuko chumbani kwake kama kawaida.

Nasikia kiwanda chenu kinatengeneza mapambo ya ukutani, shaba iliyopakwa rangi ya kioo. Sebule yangu ina makochi mapya lakini kuta ziko uchi, na wazazi wa mchumba wa binti yangu watakuja kutuona. Nitumie kitu cha kuwaacha midomo wazi.

Ni mimi kaka yako mkubwa

20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha mgongo na macho. Nasimama mbele ya tanuri kutwa nzima, na shule yangu unajua iliishia wapi, kwa hiyo usitafute mwandiko mzuri.

Dereva wa lori aliyekuletea matairi ya dukani kwako alipita hapa. Anasema alipoyaingiza stoo alimkuta mama humo, kitanda kimebanwa na matairi, dirisha hakuna. Chumba chake cha mbele umekifanya ofisi. Kaka, nyumba hiyo mama aliijenga kwa kushona nguo za watu. Ni kweli?

Mapambo nitakutengenezea.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na mgongo. Huyo dereva mropokaji tu. Mama mwenyewe aliitaka stoo, anapenda utulivu. Mambo ya nyumba niachie mimi niliyebaki nayo. Wewe niambie, mapambo lini?

Mkubwa wako

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hujambo na nyumba yako? Nimefurahi kusikia mama anapenda stoo.

Pokea ndege watatu: wa buluu, mwekundu na mweupe. Nimewafanya saa za mapumziko kwa vipande alivyonipa msimamizi. Unanyunyiza unga wa kioo juu ya bati la shaba, linaingia tanurini, unga unayeyuka na kung'aa kama maji. Vidole vyangu viwili havina ngozi, lakini ndege wametoka.

Usiwatundike kwa msumari kama kalenda. Mwite mwashi achimbe ukuta awakaze kwa saruji, kama vigae. Matajiri wanaonunua kwetu ndivyo wanavyofanya. Wawe sebuleni, mkabala na dirisha, jua liwapige.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba! Huku afya tele. Kila anayeingia anaganda mlangoni. Mwashi amewakaza, hata uwavute kwa trekta hawatoki.

Mama aliomba mmoja akae naye stoo. Nikamwambia, "Mama, huko nani atamwona?" Akarudi zake stoo. Wazee bwana!

Kaka yako

2 Septemba

Wewe,

Sina salamu.

Jana wakwe wanakunywa chai, ndege wa buluu akalia "ta!" Kioo cha bawa zima kikabanduka, kikadondoka kwenye kisahani cha baba wa kijana. Ni mwalimu mstaafu yule. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti maneno uliyochonga kwenye shaba chini ya kioo: MWENYE NYUMBA HII NI MAMA. ANALALA STOO.

Mkewe akaniuliza, "Stoo ipi?" Kabla sijajibu, mama akakohoa nyuma ya ukuta. Basi wakainuka, wakaenda kumwamkia katikati ya matairi, na makoti yao mazuri. Binti yangu hanisemeshi. Umenivua nguo mbele za watu.

Kaka yako, kwa bahati mbaya

25 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mimi salamu sijaziacha.

Siku sikuichagua mimi, kioo kilijichagulia. Shaba ikipata jua inatanuka, ikipoa inajikunja. Ndiyo maana kiwandani tunapaka kioo mbele na nyuma, vivutane sawa. Ukiacha mgongo uchi, kioo cha mbele kitapasuka tu. Yule wa buluu nilimwacha mgongo uchi. Nilipokuwa nachonga zile herufi nilikuwa nakuona wewe, na nyundo ilikuwa nyepesi.

Sikuombi radhi. Mrudishe mama chumbani kwake. Na ukumbuke, ndege wamebaki wawili.

Mdogo wako

14 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini mgongo unaendelea vizuri.

Mama yuko chumbani kwake tangu Jumamosi, cherehani yake iko dirishani. Ofisi nimeihamishia stoo. Wakwe wamekubali kurudi, lakini mwalimu amesema atakaa palepale, mkabala na ndege.

Mwashi anasema akiwang'oa, ukuta unabomoka. Nilining'iniza pazia mbele yao. Mama akalishusha, akalishona foronya. Sasa kila asubuhi anaketi mbele yao na kikombe chake. Nikipita ananiuliza, "Bado?" halafu anacheka peke yake.

Nakuomba, ndugu yangu. Hao wawili wameandikwa nini?

Kaka yako

5 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba mama anaiona barabara tena.

Mmoja nimempaka kioo mbele na nyuma. Hana neno, atakaa hapo mpaka wajukuu zako wazeeke. Mwingine nimemwacha mgongo uchi, na maneno yake ni mengi kuliko ya yule wa buluu.

Ni yupi, mama anajua. Nilimpelekea habari kwa yule dereva mropokaji.

Mwamkie kwanza, ndipo umuulize.

Mdogo wako