Kwa Yaya Anayeomba Video ya Baraka ya Mama

Yaya Dorika, dada yangu mkubwa,

Ujumbe wako umefika. Unasema utapitia Mahagi wiki hii kama barabara bado ni salama, na Jumamosi utakuwa Bunia pamoja na wakwe zako kuondoa matanga ya Mama. Kisha umeongeza, kana kwamba ni jambo dogo: "Tayarisha ile video Mama ananibariki. Nataka wote waione."

Nimeusoma mara nyingi nikitafuta mahali unaposema ukweli, hata kwa neno moja. Sikupaona. Kwa hiyo nakujibu kwa barua nisiyoifunga. Baada ya Jumamosi, yeyote wa ukoo atakayeitaka ataisoma.

Nianze na ninayokushukuru, usije ukasema nimeyasahau. Tulipofika Mbunya, mtaa wetu hapa Bunia, tukikimbia kutoka Kilo, watu watatu na godoro moja, wewe ndiwe uliyenifundisha kompyuta kabla sijaiona kwa macho. Ulichora klavieri kwenye kipande cha katoni, ukanipanga vidole juu ya herufi, ukasema, "Usiangalie. Kidole kinajua njia." Risasi zilipolia upande wa juu wa mji, ulinitajia maneno ya kuandika, moja baada ya jingine, mpaka ziliponyamaza. Niliandika mamia ya maneno kwenye katoni ile. Niliamini hakuna anayenipenda kama wewe, na nadhani wakati ule ilikuwa kweli.

Ulipohamia Kampala uliniachia laptopu yako nzito. Ilikuwa imechoka hata kuwaka ni kazi, nikaifuta yote nikaweka Linux. Tangu hapo naandika amri, nayo inatii. Mama alikuwa akinitazama na kucheka: "Unaiamurisha sawa komanda. Iambie ipike na sombe basi."

Halafu akaugua, na wewe unajua kilichofuata, kwa kuwa nilikuandikia kila siku. Unajua pia desturi yetu. Mzazi anayeona siku zake zinakwisha huchukua maji mdomoni na kumpulizia mtoto wake wa kwanza kifuani. Akishabarikiwa wa kwanza ndipo anaitwa wa pili. Wa pili hatangulii. Nilikuwepo mimi, niliyemwogesha na kumlisha, lakini kifua kilichongojwa kilikuwa chako.

Hukuweza kuja, ukasema tuonane kwa kamera Jumapili saa nane mchana. Nilinunua kamera ndogo ya waya, nikaichomeka, nikaandika ffplay /dev/video0 ili nione kama inafanya kazi. Uso wa Mama ukajaa kwenye ekra, kioo kizima cha laptopu.

"Ule mubibi iko nani? Ananiangalia vibaya."

"Ni weye, Mama."

"Mi? Basi machine yako inazeesha watu."

Tulicheka sana, yeye, mimi na Mama Mudogo, ambaye alikuwa amekuja kunisaidia kumuuguza dada yake. Kisha tukakungoja. Nilikuwa nimeiacha kamera inarekodi, nikitaka nikutumie furaha yake utakapotokea. Hukutokea. Jumapili ya pili hukutokea. Saa ileile ulibandika kwenye simu picha zako ukicheza kwenye harusi ya watu. Jumapili ya tatu uliandika "rezo mbaya", kana kwamba ni mtandao uliokukatalia, ukazima simu. Mara zote tatu Mama alivaa kitenge chake kizuri na kukaa wima juu ya mito, kikombe cha maji mkononi, akiangalia ekra isiyo na mtu. Faili zote tatu ninazo. Ya mwisho ina saa mbili na dakika kumi.

Jumapili ya nne alikuwa haketi tena bila kushikwa, na macho yake yalikuwa yanaona ukungu. Akamwambia Mama Mudogo, "Mutoto wangu wa kwanza akikataa kuniona, nitaenda na maji yangu mudomoni."

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Laptopu niliiacha mbele yake. Kamera niliifungia rallonge, waya wa kurefushia, nikaipitisha chini ya pazia mpaka chumba cha pili. Nilifunga kichwani kitambaa chako cha manjano. Kabla sijaondoka niliandika:

ffmpeg -f v4l2 -i /dev/video0 -f alsa -i default -f matroska - | tee baraka.mkv | ffplay -an -i -

Kazi ya tee ni kama ya bomba lenye midomo miwili: picha ileile inakwenda kwenye faili na kwenye ekra. Nikamwambia Mama, "Yaya anaingia. Mi naenda kuchota maji." Nikaketi nyuma ya pazia, mbele ya kamera, nikaita, "Mama."

"Dorika! Ni weye?"

"Ni mi, Mama."

"Leo rezo iko bien kabisa. Sauti yako iko hapahapa." Kisha, kwa Mama Mudogo: "Angalia namna amekonda kule kwa watu."

Picha ilichelewa sekunde mbili nyuma ya sauti yangu, na nafikiri hilo ndilo lililomwaminisha. Aliwazoea watu wa mbali, midomo yao huwa inachelewa. Alilitaja jina lako, akakuombea watoto na amani, wewe na mume wako. Nikasikia akivuta maji kikombeni, nikasikia akiyapuliza. Nyuma ya pazia niliinamisha kichwa na kusema "amina" kwa jina lako.

Halafu akasema, "Sasa itia mudogo wako. Ni tour yake."

Yaya, zamu yangu ilikuwa imefika, nikakimbia. Nilitupa kitambaa chini, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikazunguka nyumba, nisionekane nikitokea nyuma ya pazia. Nilipoingia, Mama Mudogo alikuwa amemlaza. Kikombe kilikuwa kimemwagikia mkeka. Kwenye ekra kulikuwa na kiti kitupu, na matone ya maji aliyoyapuliza yakiteremka juu ya kioo. Mama hakufumbua macho tena. Jumanne asubuhi alituacha.

Mama Mudogo hakutambua chochote. Machozi yalikuwa yamemjaa, naye mashine hizi hazijui. Alikupigia simu akilia kwa furaha: "Mama alikuona, alikubariki!" Ungeweza kusema, "Si mimi, sikuwepo." Sekunde moja ingetosha. Badala yake ulisema, "Ndiyo, Mama Mudogo, hata mi nililia sana." Alinirudia maneno yako, na tangu siku ile sijalala vizuri. Mimi nilimdanganya mtu anayekufa ili asife akiwa na kiu ya mtoto wake. Wewe ulidanganya ili usiulizwe.

Sasa unataka video. Najua unachofikiri: kwamba humo kuna Mama akipuliza maji, na wakwe zako watatikisa vichwa kwa heshima. Hukukaa mbele ya kamera ile, kwa hiyo hujui ilikuwa imeelekea wapi. Humo Mama ni sauti tu. Uso ulio ndani ya faili ile, tangu mwanzo mpaka kiti kinapobaki kitupu, ni wangu.

Ningeweza kukuonya kwa siri. Ningeweza kuifuta faili ile, amri yenyewe ina herufi mbili tu. Nimeamua kukutii. Jumamosi, watu wakishakula, nitaweka laptopu mezani uani, nitaunganisha projekta ya kanisa, na nitaonyesha zile Jumapili tatu, dakika kwa dakika, bila kukata hata pumzi. Baada yake nitaonyesha baraka. Wakinilaumu kwa kumdanganya Mama nitasimama na kukubali. Hasara yangu nimekwisha kuipata: mimi ndiye mtoto asiyebarikiwa kwa jina lake mwenyewe.

Basi njoo, Yaya. Keti na wakwe zako. Na Mama Mudogo akikugeukia kuuliza, "Dorika, weye ulikuwa wapi?", usinitazame mimi. Sitaitika tena kwa jina lako.

Mdogo wako