Udongo Ulio Kati ya Vishimo

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Babu yako amepona kikohozi, na mpunga wetu umechanua.

Umeuliza nilijuaje kwamba barabara imeshindiliwa vya kutosha. Swali hilo limenisumbua tangu ujana.

Tulichimba vishimo na kupima udongo wake. Siku moja karibu na Mikumi, dereva wa mtambo wa kushindilia alinitania: "Injinia, chimba katikati bwana, pembeni wanapita mbuzi tu!"

"Basi likipisha lori la miwa, litakanyaga hapo hapo kwa mbuzi wako," nikamjibu.

Nilichimba pembeni, palikuwa palegevu. Alicheka, akaurudia ukingo wote, na kipimo kikafaulu. Magari yangali yanapishana salama.

Hata hivyo, palivyokuwa kati ya vishimo sikujua, wala sijui leo, kwa kuwa kupima kila mahali kungekuwa kuibomoa barabara yenyewe.

Bibi yako